Gari la Familia ni Amana: Mafunzo Kutoka Njia ya Misafara ya Unyanyembe

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mji huu ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo. Hapa ndipo njia zilipogawanyika: moja ikaelekea Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda, nyingine Katanga. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliosifika kwa kazi hiyo kuliko wote, walibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani ratili 70, wala kiasi hicho hakikuwa siri kwa yeyote aliyepanga safari. Msafara ulipofika Unyanyembe haukupita tu. Ulitua. Mizigo ilifungwa upya, vyakula vilinunuliwa, wagonjwa waliuguzwa, na waliochoka walipata wa kuwapokea. Stanley alipoondoka Machi 1872 kurudi pwani, Dakta Livingstone alibaki Kwihara, nje kidogo ya mji, akingoja wapagazi na vifaa hadi Agosti. Miezi mitano alikaa, ilhali hamu ya safari haikumtoka.

Warithi wa njia ile leo ni magari yetu. Familia nyingi za Tabora, Nzega, Urambo na Kaliua hutegemea gari moja dogo, aghalabu lililonunuliwa Japani likiwa limekwisha kutumika, na gari hilo hilo ndilo linalompeleka mama mjamzito hospitali usiku, watoto madrasa, na ukoo mzima mazikoni Kigoma. Likifa njiani, si mwenye gari peke yake anayeumia. Kwa sababu hiyo tumeona suala la matengenezo lina nafasi yake katika kurasa hizi za familia, wala lisiachiwe fundi pekee.

Wapo wanaosema, "Mungu atatufikisha," kisha wakaingia barabarani na tairi lililo kipara. Atufikishe Mola, amin; lakini yule Bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kamba kwa hoja ya kutegemea, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza amfunge kwanza, kisha ategemee. Aidha tunajua jinsi Mtume alivyomkemea mwenye ngamia aliyeshindishwa njaa na kuchoshwa kwa kazi. Gari halina roho wala halilii, lakini waliomo ndani yake wana roho. Dua ya safari tunayoisoma tukishika usukani haikuletwa ichukue nafasi ya kukagua breki.

Tuanze na vumbi, kwa kuwa hapa kwetu ndilo adui wa kwanza. Lami imekwisha kufika sehemu kubwa ya barabara kuu, ila ukiiacha na kuingia vijijini Uyui au Sikonge, hasa kati ya Juni na Oktoba, gari huvuta vumbi laini siku nzima. Chujio la hewa huziba. Injini hukosa pumzi na kunywa mafuta mengi. Chujio likichanika, mchanga huingia ndani na kuisaga injini kama jiwe la kusagia. Vitabu vya magari huwa na ratiba mbili, ya matumizi ya kawaida na ya mazingira magumu, na sisi wa huku tumo katika ile ya pili. Anayebadilisha oili kila kilomita 5,000 na chujio lake pamoja hajapoteza fedha. Anayeongeza tu kila inapopungua, bila kumwaga ile nyeusi ya zamani, anajidanganya, na siku atakapoambiwa injini ifunguliwe yote atakumbuka bei ya galoni moja ya oili.

La pili ni joto. Tabora imeinuka takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Rejeta hustahimili kwa sababu imefungwa na kubanwa na kifuniko chake. Kifuniko kikilegea, maji huchemka mapema na mlima mdogo tu hutosha kuiua injini. Mazoea ya kujaza maji ya kisima yaachwe. Maji hayo huleta kutu na magamba ndani ya mifereji, ilhali kimiminika maalumu cha kupozea huizuia kutu na huchelewesha kuchemka. Tunawasihi wazazi wawaonye vijana wao: rejeta yenye moto haifunguliwi, hata kama abiria wana haraka. Mvuke wake huunguza uso kwa sekunde moja.

Matairi yana habari ambayo wengi hawaisomi. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne za mwisho za namba ndefu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2314 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014, na hata likionekana jipya dukani, mpira wake umekwisha kuzeeka. Matairi ya mtumba yakaguliwe hivyo kabla ya bei kutajwa. Upepo nao upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Mara nyingi hapo hapo au katika kitabu cha gari huonyeshwa pia uzito ambao gari limeumbiwa. Wapagazi walikuwa na frasila zao mbili. Sisi tunapakia watu tisa, magunia ya mpunga na madumu ya asali katika gari la watu watano, kisha tunashangaa shokapu zimekufa.

Kuhusu breki tutasema kwa ufupi kwa kuwa hakuna la kujadili. Zikilia, zikivuta upande mmoja, au pedali ikizama kuliko jana, gari halitoki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kadiri siku zinavyopita, na kwa magari mengi hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, jambo ambalo hata baadhi ya mafundi hulisahau.

Tunapendekeza kila nyumba iwe na daftari la gari. Humo iandikwe tarehe, kilomita, kilichobadilishwa na jina la fundi, na risiti zibanwe humo humo. Si lazima aandike baba. Mama au binti wa sekondari aweza kulishika vizuri zaidi, na yeye ndiye atakayesema mezani kwamba zimebaki kilomita 300 kabla ya oili, hivyo safari ya Idi isubiri gereji.

Daftari hilo lina kazi nyingine siku gari linapouzwa. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta chini limelowa na juu limefunikwa kavu, alimkana mwenye udanganyifu. Kurudisha nyuma kilomita za gari ni nafaka ile ile iliyolowa. Mnunuzi apewe funguo, kadi ya gari na daftari pamoja, na ukurasa ulioandikwa kuwa gia huchelewa kuingia asubuhi usichanwe.