Kompyuta ya GB 4, 8 au 16? Mwongozo kwa Wanunuzi wa Rukanga

Mkazi wa Rukanga anayetaka kununua kompyuta, awe mwanafunzi, mwenye saiba au mweka hazina wa kikundi, huulizwa swali moja dukani kabla ya mengine: unataka memori ya kiasi gani? Wengi hujibu kwa kuangalia bei. Matokeo yake ni mashine inayowaka vizuri mbele ya muuzaji, kisha kukwama siku ya kazi, fomu ikiwa imejazwa nusu na muda wa mwisho ukikaribia.

Kwa mkazi wa wadi ya Kasigau, kosa hilo lina gharama ya ziada. Safari ya kwenda Maungu na kisha Voi kurudisha kifaa humaanisha nauli na siku nzima ya kazi. Makala haya yanaeleza kazi ya memori, kiasi kinachotosha kwa kila matumizi, na mambo ya kukagua kabla ya pesa kutoka mfukoni.

MEMORI SI HIFADHI

Tangazo la kompyuta huwa na namba mbili zinazochanganya wanunuzi, kwa mfano "GB 8" na "GB 256". Namba ndogo ni memori, inayoandikwa RAM kwenye lebo. Namba kubwa ni hifadhi, yaani mahali pa kuweka picha, barua na programu.

Mfikirie fundi cherehani. Hifadhi ni sanduku lake la vitambaa, na memori ni meza anayokatia. Meza ikiwa pana, hutandaza vitambaa vitatu na kufanya kazi bila kuinuka. Ikiwa finyu, kila mara hulazimika kurudisha kitambaa kimoja sandukuni ili atoe kingine. Kompyuta hufanya vivyo hivyo. Memori ikijaa, huhamishia sehemu ya kazi kwenye hifadhi, ambayo ni ya polepole zaidi. Hapo ndipo skrini huganda na mtumiaji hudhani mashine imeharibika.

Tofauti nyingine ni kwamba memori husahau kila kitu umeme unapokatika. Barua ambayo haijahifadhiwa hupotea, hata kama memori ni kubwa kiasi gani.

KAZI IPI HULA MEMORI?

Huduma nyingi za serikali sasa ni za mtandaoni: eCitizen, ritani za kodi za KRA ambazo mwisho wake huwa Juni 30, mikopo ya HELB na maombi ya vyuo kupitia KUCCPS. Habari njema ni kwamba kazi nzito ya huduma hizi hufanyika kwenye mitambo ya taasisi husika. Kompyuta yako inahitaji tu kufungua ukurasa.

Kinachojaza memori ni idadi ya vitu vilivyofunguliwa kwa wakati mmoja. Kila ukurasa wa mtandao huchukua nafasi yake. Ukiongeza mkutano wa video, faili kubwa ya hesabu na programu ya kuzuia virusi, mashine ndogo hulemewa. Windows yenyewe huchukua sehemu kubwa ya memori kabla hujafungua chochote.

Ni muhimu pia kutofautisha mashine nzito na mtandao mzito. Ikiwa ukurasa unachelewa kufunguka lakini kipanya kinasogea vizuri na barua iliyo kwenye kompyuta inaandikika bila shida, tatizo huenda ni mtandao. Kuongeza memori hakutaleta mawimbi zaidi ya simu. Ikiwa kila kitu kinaganda, hata kipanya, basi shuku memori au hifadhi.

KIASI GANI KINATOSHA?

GB 4: Hiki ndicho kiwango cha chini kabisa kinachokubaliwa na Windows 11. Kinatosha kuandika barua au kujaza fomu moja baada ya nyingine. Mashine ya aina hii hutumika vizuri zaidi ikiwa na mfumo mwepesi kama Linux Mint. Kwa anayenunua leo kwa matumizi ya miaka kadhaa, GB 4 ni akiba ya uongo.

GB 8: Hiki ndicho kiwango kinachowafaa wakazi wengi. Mwanafunzi wa chuo, ofisi ya shule, saiba na kijana anayefanya kazi za mtandaoni, kama zile zinazofundishwa na mpango wa serikali wa Ajira Digital ulioanza 2016, wote wanaweza kufanya kazi bila usumbufu. Mtu anaweza kuwa na kurasa kadhaa, hati ndefu na mkutano wa video kwa pamoja.

GB 16: Kiwango hiki ni cha wanaohariri video, kubuni mabango au kuandika programu. Kwa mfano, kampuni ya Adobe hupendekeza GB 16 kwa Photoshop. Kwa Premiere Pro, programu yake ya kuhariri video, hupendekeza GB 16 kwa video za kawaida za HD na GB 32 au zaidi kwa zile za 4K. Kama kazi hizi hazimo katika mipango yako, nyongeza hiyo itakaa bure.

Chukua mfano wa kikundi cha wanawake wanaosuka viondo. Kazi yao ni kupiga picha za bidhaa kwa simu, kuzipunguza ukubwa, kujibu wateja na kuweka hesabu. GB 8 zinawatosha. Pesa ambazo zingeenda kwenye GB 16 zitasaidia zaidi zikinunua diski ya nje ya kuhifadhi nakala za hesabu. Vivyo hivyo kwa saiba: kompyuta mbili za GB 8 huhudumia wateja wawili, ilhali moja ya GB 16 humhudumia mmoja.

YA MEZANI AU KIPAKATALISHI?

Kompyuta ya mezani ni rahisi kufungua, kurekebisha na kuongeza memori. Udhaifu wake ni kwamba huzimika papo hapo umeme ukikatika, isipokuwa iwe na betri ya dharura, UPS. Kipakatalishi hutumia umeme kidogo, hufaa zaidi kwa wanaotegemea sola, na betri yake hukupa muda wa kuhifadhi kazi. Hata hivyo, baadhi ya vipakatalishi vyembamba vina memori iliyochomelewa ndani. Kiasi ulichonunua hakiwezi kuongezwa tena, hivyo ni lazima uchague sawasawa tangu mwanzo.

JIHADHARI NA MASHINE ZA EKSI-UK

Kompyuta zilizotumika ng'ambo huuzwa kwa bei nafuu, na nyingi ni imara. Lakini Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Mashine inayobaki na mfumo huo bila marekebisho ya usalama ni hatari kwa anayeingia benki au akaunti ya KRA.

Windows 11 haihitaji memori pekee. Inataka pia hifadhi ya angalau GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa inayokubalika. Kwa prosesa za Intel Core, hizo kwa jumla huanzia kizazi cha nane. Mashine yenye GB 16 za memori na prosesa ya zamani inaweza kukataliwa, ilhali ya GB 8 yenye prosesa mpya zaidi ikakubaliwa.

KABLA YA KUNUNUA NYINGINE

Huenda kompyuta uliyo nayo inaweza kuokolewa. Ikiwa bado ina diski ya kuzunguka, kuibadilisha kwa SSD huleta nafuu kubwa. Memori pia huongezwa kwa kuchomeka kijiti cha pili pale penye nafasi.

Sharti aina zilingane. Kijiti cha DDR3 hakiingii kwenye nafasi ya DDR4, wala cha DDR4 kwenye DDR5. Vya kipakatalishi ni vifupi kuliko vya kompyuta ya mezani. Ikiwa Windows yako ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya GB 4 hata ukiongeza vijiti. Nenda kwa fundi na mashine yenyewe au picha ya lebo ya kijiti kilichomo. Ulizia bei mpya pia, kwa kuwa tangu mwishoni mwa 2025 memori imepanda bei duniani, viwanda vikielekeza bidhaa zao kwenye vituo vya data vya akili unde.

UKAGUZI DUKANI

1. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itaonyesha kiasi cha memori, kinachotumika na, kwenye mashine nyingi, nafasi za vijiti zilizo wazi.

2. Fungua kwa pamoja programu zote utakazotumia siku yenye kazi nyingi. Memori ikipita asilimia 80, omba kubwa zaidi.

3. Uliza kama memori inaweza kuongezwa, na hadi kiasi gani.

4. Hakikisha hifadhi ni SSD na Windows 11 inakubalika rasmi kwenye mashine hiyo.

5. Dai risiti yenye namba ya mashine, kiasi cha memori na muda wa dhamana.

Kwa vikundi, inafaa wanachama waorodheshe kazi za kompyuta katika mkutano na kuziandika kwenye kumbukumbu kabla ya kutuma mnunuzi Voi. Orodha hiyo itamlinda dhidi ya maneno matamu ya dukani, na itamlinda pia siku atakapotakiwa kueleza jinsi pesa za wenzake zilivyotumika.