Mark X Katika Miteremko ya Rungwe

Msafiri atokaye Uyole kwenda Kyela hupanda kwanza hadi Isyonje, penye ukungu na baridi, kisha huteremka akapita Kiwira na Tukuyu, mji uliokaa kimo cha mita 1,600 hivi juu ya bahari, hata afikie nchi ya joto kando ya Ziwa Nyasa, ambalo uso wake haufiki mita 500. Na gari lake, liwe la kazi au la fahari, hutahiniwa njiani humo kwa mtihani ambao dalali wa Dar es Salaam hakuutaja.

Miongoni mwa magari ya fahari yaliyotumika Japani kabla ya kuletwa kwetu, Toyota Mark X ina wapenzi wengi, nao ndio wenye mengi ya kusimulia. Ilishika nafasi ya Mark II mwaka 2004, ikakoma kuundwa mwaka 2019. Injini yake ni ya silinda sita, na Mark X nyingi tuzionazo ni zile za lita 2.5, zisukumwazo na magurudumu ya nyuma.

Mnunuzi aghalabu huiogopa injini, na hofu hiyo, kwa rai yangu, imewekwa mahali sipo. Injini ile hutumia mnyororo badala ya mkanda wa taimingi, na ikibadilishiwa oili kwa wakati wake haina hiana nyingi. Aibu yake ni kwamba petroli hunyunyizwa ndani ya silinda moja kwa moja, isipite juu ya valvu na kuziosha, basi masizi hujilimbikiza kwenye valvu hizo hata gari likatetemeka kwenye silensa, na mwenyewe akauziwa plagi mpya zisizohusika na maradhi.

Lakini kwenye miteremko hii ya Rungwe, maradhi huanzia chini ya gari. Dereva anayeiacha gia kwenye D toka Isyonje hadi Kiwira, akaitegemea pedali ya breki peke yake, hufika bondeni pedi zinanuka na diski zimepinda, ilhali giaboksi ile ya otomatiki ina njia ya kushusha gia kwa mkono, ambayo wengi huidhania kuwa ni ya vijana wa mbio. Na mvua, ambayo Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, huzigeuza njia za mashamba ya chai kuwa utelezi mtupu, ambamo gari lisukumwalo kutoka nyuma huyumba mkia, na tumbo lake lililo karibu na ardhi hukwaruza mawe; bushi, bojointi na shokapu huisha kabla ya muda wake.

Ndiyo maana shahada za wenye magari haya hukinzana bila yeyote kusema uongo: aendaye Mbeya na kurudi kwa lami hulisifu gari lake bila kiasi, na yule ambaye nyumba yake iko ndani, mbali na lami, hulilaani kila masika. Huyu wa pili ni heri angenunua gari lenye tumbo la juu, hata kama jirani hatageuka kulitazama.

Bei nayo ina hila yake. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, na gari lililozidi miaka minane hutozwa nyongeza kwa uzee wake, hivyo mtu humaliza akiba yake bandarini, na shokapu zikifa hununua zilizokwisha kutumika, zikafa tena.

Atakaye kununua na amwombe muuzaji wapande pamoja kutoka Kiwira hadi Isyonje na kurudi, vioo vikiwa wazi na redio imezimwa, kisha asitoe arubuni mpaka fundi wake mwenyewe ameingia chini ya gari na tochi.