Kuitafuta Sonona Katika Mrija wa Damu: Utangulizi

Hii ni fani yenye matumaini mengi na matokeo yanayogombana. Swali lake ni jepesi kulitamka: je, damu yaweza kumwonyesha daktari kwamba mtu ana sonona? Ubongo wa mtu aliye hai haumegwi kipande ukapimwa, ndiyo maana watafiti walizigeukia chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Hazina kiini na huishi siku 7 hadi 10 tu, lakini zimebeba kisafirishi cha serotonini kinachotokana na jeni ileile inayotumika kwenye seli za neva.

Mwaka 1980 Mike Briley, Salomon Langer na wenzao walitangaza kwamba imipramini, dawa ya sonona, hupata sehemu chache za kunasa kwenye chembe sahani za wagonjwa ambao hawajatibiwa. Maabara zikachangamka. Baadhi zikaona hivyohivyo, nyingine hazikuona kitu, na mwaka 1990 utafiti wa pamoja wa Shirika la Afya Duniani haukukithibitisha kipimo hicho kuwa alama ya ugonjwa.

Mimi huanza kutafuta sababu ya mgongano huo kwenye mrija wenyewe. Damu huzungushwa kwa mashine taratibu, chembe nyekundu zikazama na chembe sahani zikabaki juu. Ukizidisha kasi, chembe sahani kubwa nazo huzama, nawe ukahesabu zilizo ndogo ukidhani umehesabu zote. Masalia ya dawa aliyoiacha mgonjwa juzijuzi huweza kukalia nafasi zilezile unazozitafuta. Hata kemikali ya kunasia ina upande wake: kwa vipokezi vya alfa-2, ambavyo navyo hupimwa kwenye chembe sahani, waliotumia klonidini, inayoviamsha, mara nyingi waliona ongezeko kwa wagonjwa, waliotumia yohimbini, inayovizuia, kwa kawaida hawakuliona.

Lakini maabara isibebeshwe lawama zote. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, DSM-5, hudai angalau dalili 5 kati ya 9 kwa wiki 2 ili mtu ahesabiwe kuwa na sonona. Humo, kukosa usingizi na kulala kupita kiasi ni dalili moja. Kukosa hamu ya chakula na kula kupita kiasi, vilevile. Watu wa namna hiyo wakiwekwa kundi moja, wastani wa vipokezi vyao utakuwa wa nani?

Basi ukifungua makala yoyote ya fani hii, usikimbilie jedwali la matokeo. Tazama kwanza wagonjwa walichaguliwaje, waliacha dawa lini, na damu yao ilikaa muda gani kabla ya kupimwa.