Kaskazi Yetu ya Johannesburg: Picha, Marafiki na Bakuli la Urojo



Kwetu Pwani, Desemba ikiingia, wazee hugeuza uso kuelekea baharini, wakanusa upepo na kusema, "Kaskazi hiyo." Ndiyo majira ya joto na embe, na zamani ndiyo yalikuwa majira ya majahazi ya Arabuni na Bara Hindi. Huku Johannesburg, juu kiasi cha mita 1,750 kutoka usawa wa bahari, hatuna jahazi wala pwani ya kulitazamia. Lakini joto hutufika miezi ile ile. Shule hufungwa katikati ya Desemba, viwanda vinasimama, na wenyeji wanafunga mizigo kwenda Limpopo, Cape Mashariki na Durban. Mji hubaki mtupu kama uwanja siku ya pili ya sikukuu. Tunaobaki ni sisi ambao kwetu ni mbali na nauli haishikiki.

Wahariri wa kitabu chetu wameniomba nieleze tunavyoyapitisha majira hayo sisi wa Mayfair na Fordsburg. Nimekubali upesi, maana mwalimu mstaafu hukosa wa kumsikiliza. Lakini ninalo na jambo la kuwaomba, nalo nimeliweka mwisho.

Fimbo mbili za Awara

Nimelelewa Unguja, mjini. Alfajiri nilikwenda chuoni, kisha skuli, na jioni chuoni tena. Mwalimu wetu wa chuo, Mungu amrehemu, alikuwa akituambia kwamba senema ni nyumba ya shetani yenye viti. Nasi, kama ilivyo kwa watoto, tukatamani kuviona hivyo viti.

Jumba lilikuwa Majestic, pale Vuga. Kabla yake mahali hapo palikuwa na jumba la Royal, lililofunguliwa mwaka 1921, likaja likaungua, na Majestic likasimamishwa mwaka 1955. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu nilipotoroka na binamu yangu kwenda kutazama Awara, picha ya Raj Kapoor na Nargis ya mwaka 1951. Ilikuwa nzee kuliko sisi, lakini watu bado walijaa mpaka ngazini. Kesho yake habari zilimfikia mwalimu kabla sijafungua juzuu yangu. Nilipata fimbo mbili. Nilipofika nyumbani nalia, mama alicheka. Akanihadithia kwamba wakati wake palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na kina mama walikwenda kwa makundi na mabuibui yao, wakalia pamoja na staringi, wakarudi nyumbani na nyimbo kichwani. Tuni nyingine zikaingia katika taarabu, zikavishwa maneno ya Kiswahili.

Pwani yote ilikuwa hivyo, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, ambako mwaka 1966 ulifunguliwa hata uwanja wa kutazama picha ndani ya gari kule Msasani. Watoto wetu wanaodhani kila jambo jipya lilianzia Johannesburg wajue pia kwamba Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi kabla Afrika Kusini haijafungua televisheni ya aina yoyote. Hapa ilianza Januari 1976. Serikali ya ubaguzi iliiogopa kwa miaka mingi.

Majestic mbili

Mimi na marehemu mume wangu tulihamia hapa mwaka 1998, wakati vijana wetu walipokuwa wakipaita Bondeni na kuamini kwamba dhahabu inaokotwa njiani. Tulipanga vyumba viwili Mayfair. Jirani yetu alikuwa mama wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa. Siku moja, tukianika nguo, akaniambia kwamba usichana wake wote ulipita Majestic.

Nikaruka. "Kumbe uliwahi kukaa Zanzibar?"

Akanishangaa. Majestic yake ilikuwa Fordsburg, na jingine lilikuwa Lyric. Siku hizo Mhindi na Mwafrika hawakuruhusiwa kukanyaga majumba ya Wazungu, basi Wahindi walikuwa na majumba yao, ambayo watu wa hapa waliyaita bayskopu. India ilikata biashara na Afrika Kusini tangu 1946 kwa sababu ya ubaguzi, lakini picha za Kihindi zilipata njia zikafika. Yeye na mimi, mmoja Fordsburg na mmoja Vuga, tulimlilia Nargis yule yule katika Mother India, picha ya mwaka 1957, bila ya kujuana. Baadaye akanieleza walivyohamishwa Pageview, mtaa walioupenda wakauita Fietas, katika miaka ya sabini, na wenye maduka wakasukumwa kwenda Oriental Plaza. Nami nikamweleza yetu. Nguo zilikauka tungali tumesimama pale.

Urafiki wetu ulianza hapo, na ndani yake ukazaliwa usiku wa picha. Yeye alikuwa na ua mpana wenye ukuta mweupe, sisi tulikuwa na watu. Tulianza na televisheni iliyotolewa nje kwa waya mrefu, na baadaye kijana mmoja wa Kimombasa akaleta projekta. Tangu hapo, kila Jumamosi kuanzia katikati ya Desemba mpaka shule zifunguliwe, baada ya sala ya Isha, mikeka hutandikwa. Wanakuja Wazanzibari, watu wa Tanga, Wakenya, Wakongo wa Yeoville, na baba mmoja wa Soweto aliyesoma Mazimbu, Morogoro, katika skuli ya wapigania uhuru iliyoanzishwa mwaka 1978. Kiswahili chake kina harufu ya Uluguru, na ndiye anayetuchekesha kuliko wote.

Usiku umeme ulipokatika

Sasa nieleze usiku mmoja wa Desemba 2022.

Kwanza niseme juu ya shoga yangu mmoja, mtu wa Tanga. Katika ghasia za Mei 2008, wageni walipopigwa na kuuawa katika mji huu, duka la mumewe lilivunjwa na kuchukuliwa kila kitu, mpaka rafu. Mume hakuishi sana baada ya hapo. Ghasia zikarudi 2015, zikarudi 2019, na kila mara mwenzetu aliongeza kufuli moja mlangoni. Mwisho alikuwa hatoki ila kwenda hospitali. Akija kwetu ni kwa kuvutwa, naye atakaa pembeni, shungi mpaka machoni, bila ya kusema neno. Mjukuu wake wa kike, mzaliwa wa hapa, alikuwa akisema nasi kwa Kiingereza na na wenzake kwa Kizulu. Kiswahili alikijua cha "njoo ule" na "kalale."

Usiku huo tulipiga Sholay, ya mwaka 1975, inayopita saa tatu. Mvua ya radi ilikuwa imenyesha alasiri, kama kawaida ya Johannesburg wakati wa joto, na ua ulikuwa bado unanukia udongo. Picha ilifika pale shuka linapoanguka mabegani mwa Thakur, watu wakaona kwamba jambazi Gabbar Singh amemkata mikono yote miwili. Papo hapo umeme ukakatika. Mwaka ule mgao ulikuwa mkali, na sisi tulikuwa tumekosea kusoma ratiba. Watoto wakaguna, vijana wakatoa simu zao, mama mmoja akaanza kukunja mkeka.

Ndipo kwenye giza, kutoka pembeni, ikatoka sauti: "Kaeni. Bado Jai hajafa."

Alikuwa yeye. Aliiona Sholay Tanga akiwa msichana, tena si mara moja. Akaanza kuihadithia, na si kwa kufupisha. Akawa Gabbar, akanguruma. Akawa Basanti, asiyenyamaza. Akamwonyesha Veeru amelewa, amepanda juu ya tangi la maji, anatishia kujitupa. Alipofika Basanti anapocheza juu ya vigae vya chupa ili mchumba wake asiuawe, watoto walikuwa wamesogea mpaka magotini kwake. Mliokaa Dar mnamkumbuka Lufufu, aliyekuwa akizitia Kiswahili picha za kigeni katika mabanda ya video. Basi sisi tulimpata Lufufu wetu mwenye kanga.

Akaileta mpaka kifo cha Jai, na ile sarafu waliyokuwa wakirusha kila mara kuamua nani aende kwenye hatari. Veeru anaiokota, anaigeuza, anakuta pande zote mbili ni sawa. Rafiki yake alikuwa akimdanganya siku zote ili yeye ndiye atangulie. Hapo sauti ya mwenzetu ikakatika. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mjukuu wake akamshika mkono akasema, kwa Kiswahili, taratibu kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: "Bibi, halafu ikawaje?"

Umeme ulirudi baada ya saa mbili. Hakuna aliyeomba picha iwashwe.

Sikuandika haya ili niseme kwamba picha moja iliponya majeraha ya miaka kumi na minne. Kufuli zake bado ziko mlangoni. Lakini tangu usiku ule mjukuu huja kwangu siku za Jumapili na daftari, na bibi yake ndiye anayemsahihisha akifika nyumbani. Mimi niliyefundisha miaka thelathini na zaidi kwa chaki nilikuwa sijui kwamba mtoto hujifunza lugha siku anapotaka kujua mwisho wa hadithi. Fimbo mbili zile za Awara, ewe mwalimu wangu, nimekusamehe.

Chakula chenyewe

Picha bila ya chakula ni harusi bila ya ngoma. Kanuni yetu ni kila nyumba ilete sahani moja. Wakongo huleta kisamvu na samaki wa kukausha, mama wa Fordsburg huleta sambusa nyembamba kama karatasi, baba wa Mazimbu huchoma nyama. Bisi na karanga ni kazi ya watoto. Zawadi ya majira ni embe na lichi kutoka Limpopo na Mpumalanga, na tikitimaji lililolazwa katika karai la barafu.

Urojo ni wangu. Wengi wameniuliza, basi nauandika. Koroga unga wa ngano kidogo kwa maji baridi mpaka usiwe na madonge, kisha uumimine katika maji yanayochemka pamoja na bizari ya manjano, chumvi, na embe bichi lililochemshwa na kupondwa. Embe bichi Desemba si tabu kulipata hapa, na likikosekana tumia ndimu au ukwaju. Usiache kukoroga, na usiufanye mzito, urojo si uji. Katika bakuli tia mbatata za kuchemsha, bajia za dengu, kachori na vipande vya mishkaki, mimina urojo, kisha juu yake chatne ya nazi, pilipili na chipsi za muhogo. Muhogo utaupata soko la Yeoville, unga wa dengu na nazi kavu kwa Wahindi wa Fordsburg. Nazi ya kopo haifai kwa chatne. Nimejaribu, nimejuta.

Na kwa wanaoona usiku ni tabu, tuna Zoo Lake mchana. Kiwanja kile kilitolewa mwaka 1904 kwa sharti kwamba kiwe wazi kwa watu wote, na hata enzi za ubaguzi kilibaki hivyo. Tandikeni mkeka pale, lakini muwe mmekwisha kula kabla ya saa tisa. Baada ya hapo mawingu ya Johannesburg hayana adabu.

Ombi langu

Sasa lile jambo nililoliweka mwisho. Jirani yangu ameuza nyumba amehamia kwa mwanawe Durban, na ua wenye ukuta mweupe umekwenda pamoja na nyumba. Msimu uliopita tulikutana mara mbili tu, katika sebule yangu, magoti juu ya magoti. Vijana wananiambia, "Mwalimu, siku hizi kila mtu ana picha kwenye simu yake." Ni kweli, na nzuri zipo. Vuta N'kuvute, iliyotolewa mwaka 2021 kutokana na kitabu cha Shafi Adam Shafi, inaonyesha Unguja yetu ya miaka ya hamsini kwa Kiswahili. Lakini simu haimpi mtu kiti cha pembeni, wala haikatiki umeme ikamwachia bibi nafasi ya kusema.

Basi natafuta ua. Usiwe mkubwa, uwe na lango linalofungika na ukuta wa kutundikia shuka. Projekta iko, mikeka iko, urojo uko. Mwenye nao anijulishe kabla ya Desemba. Sholay tutaianza pale pale tulipoiachia, na wale watoto wa mwaka ule, ambao sasa ni vijana, watatuhadithia wao ikiwa umeme utakatika.

Wasalaam.