Pikapu ya Mjomba na Viatu vya Masika

Najua wengi wenu mkiliona jina langu hapa mnatarajia shairi. Mwaka jana nilitoa shairi, na ninawashukuru wale watu wawili waliolisoma. Mwaka huu nimeamua kuandika juu ya matairi. Naam, matairi ya gari! Na kabla hamjaulizana msichana ana nini na matairi, subirini niwaeleze jinsi yalivyotaka kuninyima muhula mzima wa masomo.

Nyumbani kwetu ni Jericho. Mjomba wangu, nduguye mama, ana pikapu kuukuu ambayo kila jioni huegeshwa nje ya nyumba yetu, na watoto wa mtaa huifanya goli. Msiidharau. Pikapu ile ndiyo shamba letu na ndiyo benki yetu. Mara mbili kwa juma mjomba huondoka adhuhuri, akaifuata barabara ya Nakuru hadi Flyover, akakata kuelekea Njabini huko Kinangop, akapakia viazi, na alfajiri huwa ameshafika Marikiti. Njia hiyo ina zaidi ya kilomita 50 za lami safi, halafu mwishoni ni udongo mtupu. Kiangazi ni vumbi tu. Masika, lo! Udongo wa kule ukinyeshewa huwa kama sabuni.

Mwezi wa Machi mwaka 2024 matairi ya pikapu yalikuwa yamekwisha kabisa, upara mtupu kama kichwa cha babu. Mjomba akaenda kwa muuzaji mmoja wa matairi ya mitumba, jina sitalitaja, akarudi na manne yenye meno marefu ya kupendeza. Ubavuni yalikuwa na herufi M+S na kijipicha cha mlima wenye vilele vitatu, ndani yake chembe ya theluji. Muuzaji alikuwa amemwambia, “Mzee, hii tairi ni ya barafu ya Ulaya. Kama inashika barafu, matope itaishinda na nini?” Tena bei ilikuwa chini ya nusu ya bei ya mapya. Nani angekataa? Hata mimi niliyashangilia. Nilidhani maadamu Kinangop kuna baridi, basi tairi la baridi ndilo hasa.

Mnakumbuka mvua za Aprili 2024. Usiku mmoja mjomba akiteremka na magunia 20, alifika kwenye kona moja akakanyaga breki, na gari likaendelea kama kwamba hakufanya kitu. Likaingia mtaroni. Ashukuriwe Mola, hakuumia yeye wala taniboi wake. Lakini walikaa pale siku mbili wakinyeshewa, na viazi vilivyofika Marikiti havikununuliwa hata kwa bei ya kulisha nguruwe. Pesa zile ndizo zilizokuwa karo yangu ya muhula wa pili. Serikali ilipoahirisha kufungua shule kwa sababu ya mafuriko hadi Mei 13, wenzangu walilalamika. Mimi nilikuwa nikiomba waahirishe tena.

Basi nikiwa nyumbani bila la kufanya, nilikuwa nikienda kumsumbua mzee mmoja wa pancha aliye na kibanda kando ya Rabai Road. Mzee huyu hakusoma sana, lakini ubavu wa tairi anausoma kama sisi tunavyosoma riwaya ya mtihani. Aliyoniambia, pamoja na niliyoyatafuta baadaye, ndiyo haya.

Kwanza, tairi la majira ya baridi si uwongo. Ni kitu halisi, na lilianza kwa magari ya mizigo kama la mjomba. Mwaka 1934 kampuni ya Finland, ile ya Nokia iliyokuja kujulikana kwa simu, ilitengeneza tairi la lori la kupitia theluji. Miaka miwili baadaye ikatoa la magari madogo lililoitwa Hakkapeliitta, jina ambalo bado linatumika. Leo kuna nchi ambazo hili si suala la hiari. Nchini Sweden, kuanzia Desemba 1 hadi Machi 31, barabara ikiwa na theluji au barafu huruhusiwi kuendesha gari bila matairi hayo.

Siri yake ni mpira wenyewe. Mpira wa tairi la kawaida ukipoa sana hukakamaa. Chukua chapati ya jana asubuhi ya Julai uone, haikunjiki. Tairi lililokakamaa hivyo haliwezi kujikunja na kuingia katika vijishimo vya barabara, na hapo msuguano hupungua (mwalimu wetu wa Fizikia anisahihishe nikikosea). Kwa hiyo tairi la baridi huundwa kwa mpira uliochanganywa ili ubaki laini hata katika baridi kali. Mpaka unaotajwa mara nyingi ni nyuzi 7 za Selsiasi. Chini ya hapo tairi la baridi hushika vizuri zaidi, na juu ya hapo la kawaida ndilo bora.

Sasa tujiulize, Jericho ni lini tulipata nyuzi 7 mchana? Kinangop alfajiri za Julai huenda zikafika huko, na wakulima wa kule wanaijua sakitu inavyounguza majani ya viazi. Lakini pikapu haiishi Kinangop. Safari yake kubwa ni lami, na lami ya Nairobi jua likiwaka ni kikaango. Mpira uliofanywa laini kwa ajili ya baridi ukiwekwa juu ya kikaango huwa kama ugali uliozidi maji. Unayumba, unachelewa kusimama, na unalika upesi. Matairi ya mjomba yalikuwa yamepoteza karibu nusu ya meno kwa majuma matano!

Halafu kuna lile swali la muuzaji. Matope yatalishinda na nini tairi linaloshika barafu? Jibu lake limenifurahisha kuliko yote. Tairi la theluji lina mifereji na mikato mingi myembamba kama wembe. Theluji hujaa ndani ya mifereji ile, na theluji hushikana na theluji nyenzake, kama mnavyoona katika picha watoto wa Ulaya wakifinyanga madonge. Yaani tairi linalobeba theluji kidogo hushika theluji zaidi. Matope hayana tabia hiyo. Yakijaa mifereji yanabaki humo humo, na baada ya mita chache tairi limekuwa laini na duara kama andazi. Tairi la matope linahitaji meno makubwa yaliyoachana, ili gurudumu linapozunguka matope yarushwe nje na meno yatafune upya. Kwa hiyo zile herufi M+S, zinazosimama badala ya matope na theluji, zisikudanganye. Ni madai ya mtengenezaji tu kuhusu umbo la meno. Ile picha ya mlima ndiyo hutolewa baada ya kupimwa, na kipimo chenyewe ni cha theluji, si cha udongo wa Njabini.

Mngedhani makosa yameishia hapo. La hasha! Kosa lililonitia baridi mwilini lilikuwa dogo sana kwa kulitazama. Matairi yale yaliandikwa 195/70R14 91. Yale ambayo pikapu ilistahili kuvaa ni 195R14C 106/104. Mjomba aliona 195 na 14, akaona vinalingana na rimu, akalipa. Ile herufi C maana yake ni tairi la gari la mizigo, na 91 na 106 ni nambari za uzito. Tairi lenye 91 limeruhusiwa kubeba kilo 615. Lenye 106 hubeba kilo 950. Ile 104 hutumika pale magurudumu mawili yanapofungwa pamoja upande mmoja, kwa hiyo tuiache.

Haya, tupige hesabu. Tuseme pikapu ikiwa tupu nyuma kuna uzito wa kilo 700. Gunia moja la viazi kisheria halizidi kilo 50, na magunia 20 ni kilo 1,000, ambazo karibu zote hulalia nyuma. Jumla 1,700. Gawanya kwa matairi mawili, kila moja linabeba kilo 850. Tairi la 615 limebebeshwa 850! Lile la 106 lingebeba na kubakisha. Nilimwonyesha mjomba hesabu hii kwenye kitabu changu cha mazoezi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Na magunia 26, mama?” Kilo 1,000 kila tairi. Hata la 106 haliwezi. Tangu siku ile sijasikia habari za magunia 26, ama labda ananificha.

Kuna nambari nyingine za kuangalia, nazo ni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Ya mjomba yalisema 1114, yaani juma la 11 la mwaka 2014. Miaka kumi! Mpira huzeeka hata ukiwa umelala stoo, hupasuka nyufa ndogo ndogo ubavuni kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta. Meno marefu hayakuambii umri.

Wazee wa mitaa yetu wanakumbuka wakati ambapo matairi yalitengenezwa hapa hapa Nairobi, katika kiwanda cha Firestone East Africa, ambacho mwaka 2005 kilibadili jina kikaitwa Sameer Africa. Utengenezaji ulisimamishwa mwaka 2016. Matairi tunayonunua sasa yanatoka nje, na ya mitumba yaliundiwa hali ya hewa ya mtu mwingine. Ndiyo maana ni lazima tuyasome.

Basi lipi lilifaa? Mzee wa pancha alisema kuna aina tatu za kufikiria. Yenye herufi H/T ni ya lami, na kule Njabini yatakutelezesha. Yenye M/T ni ya matope hasa, lakini kwenye lami hupiga kelele kama posho mill, huisha haraka, na lami ikiwa na maji hayasimami upesi. Yenye A/T yako katikati. Mtu anayeishi shambani atake M/T. Kwa mjomba, ambaye sehemu kubwa ya safari ni lami, A/T yenye herufi C na uzito wa 106 ndiyo ilistahili, na mahali pabaya kabisa afunge minyororo. Upana usiongezwe kwa urembo. Tairi jembamba hukata tope la juu likafikia udongo mgumu chini. Na ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vya milimita 1.6, meno yakilingana navyo tairi limekufa, ila wakati wa mvua usingoje hadi hapo, milimita 3 tayari ni hatari.

Mwezi Mei ilikuwa zamu ya mama katika chama chao cha kina mama. Hapo ndipo palikuwa na mashaka, kwani pesa hazikutosha karo na matairi manne. Usiku ule niliwasikia yeye na mjomba wakisemezana hadi saa sita. Bila matairi hakuna viazi, na bila viazi muhula wa tatu hakuna karo. Mwishowe tulinunua mapya mawili ya A/T, tukayafunga nyuma, kwa maana tairi zuri zaidi huwekwa nyuma ili mkia usiteleze. Ya mbele tulikwenda kutafuta ya mitumba, mimi na mjomba, na safari hii mimi ndiye niliyeinama na tochi. Nilikataa sita. Muuzaji akamwuliza mjomba, “Huyu mtoto ni wa KEBS?” La saba na la nane zilikuwa 195R14C, 106, zote za mwaka 2022. Karo ililipwa nusu, na nusu nyingine Agosti.

Masika ya 2025 mjomba alipita kona ile ile na mzigo, mchana, polepole. Hakusimama hata kuitazama, asema.

Na yale matairi ya theluji? Mawili mama ameyajaza mchanga na samadi, amepanda sukuma wiki. La tatu watoto wa Jericho wanalikimbiza kwa fimbo mchana kutwa. La nne mjomba amelificha chini ya kitanda. Anasema huenda siku moja theluji ikanyesha Makadara.