Jasho la Mwanamke Lisigeuzwe Fedheha

Wapo watu katika nchi yetu ambao wamejitwalia kazi ya ukadhi bila ya kuteuliwa na mtu yeyote. Hawana mahakama, hawana kitabu cha sheria, wala hawasikilizi mashahidi. Silaha yao ni simu ya mkononi, na washitakiwa wao wengi ni wanawake waliotoka majumbani mwao kwenda kutafuta riziki. Muuguzi anayerudi kutoka zamu ya usiku, mama lishe anayecheka na wateja wake, dereva wa bajaji, mwalimu, mtangazaji, diwani: kila mmoja wao aweza kupigwa picha asubuhi, akahukumiwa adhuhuri, na ifikapo magharibi jina lake likawa limekwisha enea kutoka Moshi hadi Mkoani.

Leo tunapenda kulizungumza jambo hili kwa kuutazama Mkoa wa Kilimanjaro. Hatuuchagui mkoa huo kwa kudhani kwamba watu wake ni wabaya kuliko sisi wa Visiwani. Tunauchagua kwa sababu huko kazi ya mwanamke inaonekana waziwazi, barabarani na mlimani, na kwa hiyo hata hukumu inayomwandama inaonekana waziwazi.

Mtu aliyepata kufika Kiboriloni au Mwika siku ya soko amewaona akina mama wakishuka na mikungu ya ndizi kutoka vihambani. Katika mila za Wachaga, kahawa ilikuwa mali ya mwanamume, na ndizi na maziwa vilikuwa mikononi mwa mwanamke. Chama cha Ushirika cha KNCU kilipoanzishwa mwaka 1933, fedha ya kahawa iliandikwa katika vitabu na kutolewa stakabadhi. Fedha ya ndizi ilifungwa katika pindo la khanga, ikanunua chumvi, mafuta ya taa na daftari za watoto. Mwanamke huyo aliyebeba mkungu hakuulizwa neno, kwa sababu mzigo wake ulihesabiwa kuwa sehemu ya ndoa.

Mambo hubadilika pale mwanamke huyo huyo anapobeba mzigo kwa mshahara. Tuwachukue wapagazi wa mlimani. Wageni wanaopanda kwenda kilele cha Uhuru, chenye urefu wa mita 5,895, huchukua siku 5 hadi 8 kwenda na kurudi, na kila kitu wanachokula na kulalia hubebwa na wapagazi. Kazi hiyo kwa miaka mingi ilikuwa ya wanaume, na hata sasa wanaume ndio wengi. Lakini wamo wanawake, wapagazi na hata waongozaji, nao hupanda kwa baridi ile ile na mvua ile ile. Washukapo, mwanamume huulizwa amepata kiasi gani. Mwanamke huulizwa alilala wapi.

Swali hilo zamani liliishia kilabuni kwenye mbege au kisimani. Mwezi Agosti mwaka 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania lilizindua huduma ya intaneti ya kasi mlimani, katika kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Ni hatua ya maendeleo, na faida yake kwa usalama wa wapandaji ni dhahiri. Hata hivyo chombo kinachoweza kumwitia mgonjwa msaada chaweza pia kubeba fitina. Picha ya mpagazi mwanamke aliyeketi na wenzake wanne wanaume, akinywa chai ya jioni baada ya kutua mzigo, yaweza kumtangulia kufika nyumbani kwao. Katika picha hiyo mna watu watano, wote wamechoka, wote wanafanya kazi moja. Atakayetafutiwa jina baya ni mmoja tu.

Hapo ndipo ilipo hoja yetu. Hukumu hii hujiita ulinzi wa maadili, lakini ingekuwa hivyo ingewauliza wote watano. Kwa kuwa humuuliza mmoja, kazi yake halisi ni nyingine: ni kumrudisha mwanamke katika mzigo usiolipwa. Msichana akisemwa vya kutosha, baba atamkataza kupanda mlima, mume atamtaka aache zamu ya usiku, na tajiri atapata kisingizio cha kumwondoa kazini. Mshahara utakuwa umepotea, na hapana mtu atakayesema kwamba amemnyang'anya.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini ndio wafanyao kazi kuliko watu wengine wote nchini, na likawakemea wanaume waishio kana kwamba nusu ya maisha yao ni likizo. Waliolisoma Azimio hilo walifahamu kuwa kuishi kwa jasho la mwingine ni unyonyaji. Basi kumvunjia mtu heshima ili asipate malipo ya jasho lake ni unyonyaji wa aina hiyo hiyo, ingawa unafanywa na watu wasio na kiwanda wala shamba.

Ndugu zetu wa Visiwani wasiseme kwamba haya ni ya bara. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mnamo mwaka 1880, aliuza vyungu kabla hajaishi kwa sauti yake. Kabla ya kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na hata baadaye, alitungiwa maneno ya kumdhihaki kwa asili yake na sura yake, yakaimbwa mitaani. Dhihaka ile ilitumia wimbo kama leo itumiavyo simu. Siti aliijibu kwa nyimbo, na mwandishi Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Vivyo hivyo kilimo cha mwani kilipoanza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya mashariki kama Paje na Jambiani, wapo wanaume walioona haya wake zao kushinda baharini. Fedha ya mwani ilipoanza kujenga nyumba na kulipia shule, haya ile ilipungua sana. Tujiulize ilikuwa haya ya namna gani, hata ikapungua kwa kuona mabati mapya.

Wala sisi wa Chama hatuna ruhusa ya kujitoa katika lawama. Mwezi Oktoba mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kampeni ya kupiga marufuku sketi fupi, wigi na suruali za kubana, ambayo ilipangwa kuanza rasmi Januari 1, 1969. Hata kabla ya siku hiyo, makundi ya vijana mjini Dar es Salaam, hasa katika eneo la Kariakoo, yaliwavamia wanawake katika vituo vya mabasi, yakawachania nguo. Nia iliyotangazwa ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa. Lakini katika mabishano yaliyojaa magazetini, aliyenyoshewa kidole zaidi alikuwa msichana wa mjini, karani na mpiga chapa wa ofisini, mwenye mshahara wake mwenyewe. Umati ulipopewa rungu la maadili, ulilielekeza kwa yule aliyekuwa akianza kujitegemea.

Miaka zaidi ya 50 baadaye, Juni 1, 2021, Mbunge mwanamke wa Jimbo la Momba alitolewa katika ukumbi wa Bunge kwa sababu ya suruali aliyoivaa, na habari hiyo ikaizunguka dunia. Baadhi ya wabunge wenzake wanawake walidai aombwe radhi. Tunalitaja jambo hili kwa heshima zote kwa Bunge letu. Aliyekwenda Dodoma kuwasemea wananchi alijikuta, kwa siku kadhaa, akisemwa yeye na mavazi yake. Ikiwa mbunge hakusalimika mchana kweupe, mpagazi wa Marangu atasalimika vipi?

Tulifundishwa chuoni, tungali watoto wadogo wenye mbao mikononi, kwamba Surat Nur humtaka mtu anayemsingizia mwanamke uzinzi alete mashahidi wanne, na akishindwa huadhibiwa yeye, na ushahidi wake haupokelewi tena. Tulifundishwa pia kwamba Surat Hujurat inakataza dhihaka, upelelezi wa aibu za watu na usengenyaji. Wanaotumia jina la dini kuwaanika wanawake katika simu wangefanya vyema kuanza na sura hizo mbili. Picha moja iliyopigwa kwa kuibia, na maneno ya mtu asiyetaja jina lake, havitoshi hata nusu ya shahidi mmoja.

Kuna watakaosema kwamba tunataka wanawake wasikosolewe. Sivyo hata kidogo. Mhasibu mwanamke akila fedha za ushirika ashitakiwe. Mwalimu mwanamke asiyeingia darasani aonywe. Diwani mwanamke aliyewasahau wapigakura wake aulizwe kwa ukali. Hayo ni maswali ya kazi, na mwanamume pia huulizwa. Moshi ndiko alikotoka Ndugu Lucy Lameck, aliyeingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1960 na kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kushika madaraka ya juu serikalini baada ya Uhuru. Kiongozi kama yule alistahili kupimwa kwa sera zake, na kila mwanamke aliyefuata anastahili kipimo hicho hicho.

Wapo pia wanaodhani kwamba shughuli hii imekwisha, kwa vile Machi 19, 2021 mwanamke mzaliwa wa Visiwani aliapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Siku ile ilikuwa ya fahari. Hata hivyo, kiongozi wa nchi ana vyombo vya kumlinda na kumsemea. Muuguzi wa zamu ya usiku ana khanga yake na nauli ya daladala.

Sheria zipo. Katiba ya mwaka 1977 inatambua kwamba binadamu wote ni sawa na kila mtu anastahili heshima ya utu wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi na unyanyasaji kazini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 23, inamtia hatiani anayetuma ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza mtu moyo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. Sheria hizo zisipowafikia wanyonge zitabaki karatasi.

Kwa hiyo tunawaomba watendaji wa Serikali mambo matatu. Kwanza, mwanamke anapofika Dawati la Jinsia na Watoto na simu yake mkononi, malalamiko yake yaandikwe kama malalamiko mengine yoyote, asiambiwe azime simu akapumzike. Pili, mwajiri asimfukuze wala kumhamisha mfanyakazi kwa sababu ya picha inayozungushwa. Amlinde kwanza, achunguze baadaye. Tatu, wenyeviti wa vitongoji huko Kilimanjaro na masheha huku kwetu walizungumze jambo hili mikutanoni, wakieleza kwamba anayesambaza fedheha ni mwenzake aliyeianzisha.

Na kwa wanachama wenzetu tunasema hivi: wakati wa kura za maoni na uchaguzi tusiitumie silaha hii dhidi ya wagombea wanawake, wa kwetu wala wa vyama vingine. Umoja wa Wanawake Tanzania umekuwapo tangu mwaka 1962. Hatuwezi kuuimbia nyimbo jukwaani, kisha usiku tukapokezana picha za kuwafedhehesha wanachama wake.

Wananchi wa kawaida nao wana uwezo mkubwa kuliko wanavyodhani. Fitina ya simu haiendi kwa miguu yake. Huenda kwa vidole vyetu. Inapofika kwako picha ya mama wa watu, nawe humjui wala hukuwapo, ifute. Utakuwa umeyalinda malipo ya jasho la mtu.