Mama Akitoka Kupasuliwa Jicho: Majuma Manne ya Kumulinda



Juma hili tunazungumuza juu ya macho. Katika vikundi vyetu vya muso kuna wamama wazee wanaoona kama vile kuna ukungu mbele yao, ukungu usioondoka hata jua likipanda. Mara nyingi ugonjwa huo ni katarakti, ambao wengine wanauita mutoto wa jicho. Ndani ya jicho kuna lensi, kitu kidogo kinachopitisha mwangaza kama maji safi. Mutu akizeeka, lensi hiyo inaweza kuchafuka, inakuwa ya rangi ya kahawia ao nyeupe, na mwangaza haupiti tena vizuri. Hakuna matone wala majani yanayoweza kuisafisha. Dawa yake ni moja: muganga anaitoa na kuweka pahali pake lensi nyingine ndogo ya plastiki.

Operesheni yenyewe mara nyingi haimalizi nusu saa, na mama anaweza kurudi nyumbani siku ileile ao kesho yake. Jamaa inashangilia na kusema: "Imeisha." Lakini jicho lina kidonda ndani. Mikrobe zikiingia, zinaweza kuliharibu kwa siku chache tu, na mama aliyetumaini kuona tena analipoteza jicho hilo kabisa. Kazi ya muganga imeisha; kazi yetu inaanza, na itachukua majuma karibu manne.

Panga mbele ya kwenda

Jamaa nyingi zinakusanya franga za operesheni na kusahau yanayofuata. Kuna matone ya kununua, kuna safari ya kurudi hospitali siku ya randevu, na mara nyingi randevu ni zaidi ya moja. Mama asiporudi, muganga hawezi kujua kama jicho linapona. Basi tuweke franga hizo pembeni mapema.

Tujibu pia maulizo haya mbele ya siku kufika: Nani atachota maji? Nani atapika? Nani atamutilia mama matone? Kama hakuna jibu, mama atarudi kwenye jiko na kwenye bidoni siku ya pili, hata kama aliahidi kupumuzika. Sisi wanawake tunajuana.

Matone ni kazi ya mutu mumoja

Matone yanazuia mikrobe na kupunguza uvimbe. Wengi wanapewa ya kutumia kwa majuma karibu manne, mara kadhaa kwa siku, kisha wanapunguza jinsi muganga alivyosema. Tusiache kwa sababu jicho halijuwashi tena.

Ni vizuri mutu mumoja wa nyumba achukue kazi hiyo. Anawe mikono kwa sabuni. Mama aketi na kuinua uso. Anavuta kidogo kope ya chini, anadondosha tone moja tu, na ncha ya chupa isiguse jicho wala kope. Mama anafunga jicho polepole kwa dakika moja ao mbili, bila kulikamua. Kama kuna chupa mbili za dawa, tungoje dakika tano katikati ya moja na nyingine. Chupa ya mama ni ya mama. Tusiitumie kwa mutoto mwenye macho mekundu.

Na tuseme wazi: maziwa ya mama anayenyonyesha, maji ya majani, mukojo, dawa iliyobaki ya jirani, hakuna hata kimoja cha hivyo kinachopaswa kuingia katika jicho lililopasuliwa. Wanaotupatia mashauri hayo wanatupenda, lakini mikrobe hazijui upendo.

Yale ambayo mama asifanye

Asisugue jicho. Usiku avae kile kifuniko cha plastiki alichopewa, kwa sababu mukono unasugua hata mutu akilala. Akioga, maji na sabuni visiingie ndani ya jicho. Uso apanguze kwa kitambaa safi kilicholowa. Nywele, tumuoshee sisi, kichwa kikiwa kimeelekea nyuma.

Asiinue vitu vizito. Bidoni la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na kulinyanyua kunasukuma damu kichwani na kukamua jicho. Hata kubeba mujukuu mugongoni, kutwanga sombe ao kuinama na jembe kunangoja. Kutembea polepole, kuongea, kusikiliza radio na kula vizuri, hayo ni mazuri.

Moshi wa kuni na makala ni adui wa siku hizo, pamoja na vumbi la barabara. Mama aketi mbali na jiko. Akienda safari kwa piki-piki, avae miwani ya jua. Mwenye ugonjwa wa sukari ao tansio aendelee kumeza dawa zake bila kuruka, kwa maana sukari ikipanda jicho linachelewa kupona.

Kuona kwa namna mupya

Siku za kwanza mama anaweza kuona kama kwenye kioo chenye mvuke. Jicho linatoa machozi, linawasha kama kuna muchanga, mwangaza wa jua unalisumbua, na usiku taa inaonekana na duara kuizunguka. Mara nyingi hayo yanapungua siku kwa siku.

Rangi nazo zinabadilika. Lensi ya zamani ilikuwa kama kioo cha rangi ya chai. Sasa mwangaza unaingia wote, na vitu vyeupe vinaonekana karibu na bluu. Mama anaweza kutambua ya kwamba kitenge alichofikiri ni cha kahawia ni chekundu kabisa. Ataona pia masizi ya ukuta na mikunjo ya uso wake. Wengine wanacheka, wengine wanalia. Tumupe nafasi.

Kama jicho moja tu limepasuliwa, macho mawili hayapatani bado. Kumimina chai ndani ya kikombe ao kushuka ngazi kunakuwa vigumu, kwa kuwa hapimi vizuri umbali. Kwenye milima ya Bukavu, ambako njia nyingi za mutaa ni ngazi na matope, tumushike mukono, hata kama anasema anaona.

Kuna jambo lingine linalovunja moyo wa wengi. Lensi ya plastiki haijikunjui na kujikaza kama ile tuliyozaliwa nayo. Mara nyingi inapimwa kwa kuona mbali. Basi mama anaona kanisa lililo ngambo ya bonde, lakini hawezi kuchagua mawe katika maharagi wala kutia uzi ndani ya sindano. Watu wanasema: "Operesheni imeharibika." Haikuharibika. Anahitaji miwani ya karibu, na jicho linapimwa wakati kidonda kimetulia, kwa kawaida nyuma ya majuma manne mpaka sita. Akinunua miwani sokoni juma la pili, atapoteza franga bure.

Ni kweli pia ya kwamba wengine hawaoni vizuri kabisa hata nyuma ya kupona, kwa sababu jicho lilikuwa na ugonjwa mwingine nyuma ya katarakti. Huyo hakurogwa, wala hajifanyi. Muganga anaweza kumuelezea.

Alama za kukimbilia hospitali

Tuzikate na kuzibandika ukutani:

– maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua;
– kuona kunakopungua nyuma ya kuwa kumeanza kuwa kuzuri;
– jicho linalozidi kuwa jekundu, ao linalotoa usaha;
– miali ya mwangaza kama umeme, ao madoa meusi mengi yanayoogelea;
– kivuli kama pazia kinachofunika upande mumoja wa jicho;
– kupigwa ao kuchomwa kwenye jicho, hata kidogo.

Ukiona moja ya hizo, enda siku ileile. Usingoje randevu, usingoje siku ya soko. Nauli ya safari hiyo iwe imewekwa tangu mwanzo, pamoja na namba ya simu ya hospitali.

Lensi haiozi

Wamama wanatuuliza: "Plastiki hiyo itaoza? Itabadilishwa kila mwaka?" Hapana. Muganga wa kwanza kuweka lensi ya namna hiyo ni Harold Ridley, huko London, mwaka 1949. Alikuwa ameona marubani wa vita walioingiliwa machoni na vipande vya plastiki ya ndege, na macho yao hayakuvikataa vipande hivyo. Tangu wakati ule lensi zimetengenezwa vizuri zaidi, na kwa kawaida mutu anakaa nayo mpaka mwisho wa maisha.

Lakini miezi ao miaka kadhaa nyuma yake, ngozi nyembamba iliyo nyuma ya lensi inaweza kuwa na ukungu. Watu wanafikiri katarakti imerudi, hairudi. Ngozi hiyo inafunguliwa kwa mwangaza wa leza kwa dakika chache, bila kupasua tena. Mama akianza kuona vibaya, arudi kwa muganga wa macho.

Kwa nini jambo hili ni letu

Ulimwenguni, zaidi ya nusu ya vipofu ni wanawake. Katika nyumba nyingi franga za hospitali zinaanza kwa baba, na mama muzee anasema mwenyewe: "Mimi nimezeeka, muache tu." Lakini angalia ni nani anayemushika fimbo. Mara nyingi ni mujukuu musichana, aliyetolewa masomoni ili amuongoze. Jicho moja likipona vizuri, watu wawili wanafunguliwa: mama anarudi kujitembeza, na mutoto anarudi masomoni. Jicho likiharibika kwa sababu hakuna aliyechota maji, wote wawili wanabaki pale walipokuwa.

Kwa mukutano wa juma hili, kila kikundi kijiulize: kati yetu, ao kati ya mama zetu na mama wakwe zetu, ni nani anayengoja kupasuliwa ao aliyetoka kupasuliwa? Kisha muandike kwenye karatasi majuma manne: nani analeta maji siku ya kwanza ya juma, nani anapika, nani anatia matone asubuhi na jioni, nani anamusindikiza kwenye randevu. Wanawake saba wakigawana, kila mumoja anapata siku moja tu kwa juma.